Manahodha wengi, chombo kimoja: mchezo wa hadithi usiokuwa na msimulizi mkuu

Kwa muda sasa majirani na jamaa wamekuwa wakiniuliza: nyinyi watu wanne wazima, kila Jumamosi baada ya Isha, mwafanya nini mezani na dadu, karata na makaratasi yaliyochorwachorwa, mara mwacheka, mara mwanyamaza kama waliofiwa? Wako waliodhani twacheza kamari. Wako waliodhani twafanya mazoezi ya tamthilia. Makala haya ni jibu kwa wote hao, na pia ni mwongozo kwa yeyote anayetaka kujaribu na wenzake. Tunachocheza ni mchezo wa uhusika, na twaucheza kwa namna isiyokuwa na msimulizi mkuu.

Hiyo namna ndiyo yenye mjadala. Wahenga wametuachia methali kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na karibu kila niliyemweleza mchezo huu amenijibu kwa methali hiyo. Hoja yangu ni kwamba chombo hiki hakiendi mrama, kwa sharti moja: kazi za nahodha zijulikane moja moja, na kila kazi iwe na mtu wake na wakati wake. Kundi linaloondoa nahodha bila ya kugawa kazi zake ndilo linalokwama mwambani.

Mchezo wa uhusika ni nini?

Ni mchezo wa kutunga hadithi kwa mdomo, watu wachache wakiwa wamekaa meza moja au mkeka mmoja. Kila mchezaji hushika mhusika wake: baharia, mganga, mwizi aliyetubu, mtoto wa sultani aliyetoroka nyumbani. Mchezaji husema mhusika wake afanya nini na asema nini, na wenzake humjibu kwa wahusika wao. Likitokea jambo linaloweza kufaulu au kushindikana, hurushwa dadu au huvutwa karata, ili jawabu lisitegemee matakwa ya mtu mmoja. Kwa kawaida hakuna anayeshinda mwenziwe. Kinachopatikana mwisho ni hadithi ambayo hakuna hata mmoja aliyejua itaishia wapi.

Katika sura yake iliyozoeleka, mmoja wa waliokaa hana mhusika wake mwenyewe. Huyo ndiye msimulizi mkuu. Yeye hueleza mahali palivyo, husema kwa niaba ya watu wote wengine walio ndani ya hadithi, huleta maadui na misukosuko, na neno lake ndilo la mwisho panapozuka ubishi.

Kiti hicho kilitoka wapi?

Wengi wanaocheza hudhani msimulizi mkuu ni sehemu ya lazima ya mchezo, kama mpira ulivyo kwa kandanda. Historia yaonyesha vingine. Kiti hicho kilirithiwa kutoka michezo ya vita.

Mwaka 1824, huko Prussia, ofisa wa jeshi Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita ulioitwa Kriegsspiel, uliotumika kuwafunza maofisa. Pande mbili zilipambana juu ya ramani, na kati yao akakaa mwamuzi. Mwamuzi alipokea amri za kila upande, akakokotoa hasara, na akaamua nani ameona nini. Mchezo kama huo ulimhitaji, kwa kuwa kila upande ulipaswa kufichwa mipango ya adui.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1969, mpenzi wa michezo ya vita katika miji ya Minneapolis na St. Paul, Marekani, jina lake David Wesely, aliwaandalia wenzake mchezo ulioitwa Braunstein. Badala ya kumpa kila mtu kikosi cha askari, aliwapa watu nafasi za watu mmoja mmoja katika mji wa kubuni, kila mmoja na shabaha zake. Wachezaji wakaanza kutaka kufanya mambo ambayo kanuni hazikuyataja, na ikambidi mwamuzi ayajibu papo kwa papo. Mmoja wa waliocheza na Wesely, Dave Arneson, akaiendeleza fikra hiyo katika ulimwengu wake alioubuni, ulioitwa Blackmoor. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo wa uhusika wa kwanza kuuzwa madukani na unaojulikana zaidi hadi leo. Kufikia hapo mwamuzi wa vita alikwisha kugeuka mtunzi wa ulimwengu mzima.

Hata hivyo, tangu siku za mwanzo watu walitafuta njia ya kucheza pasipo yeye. Mwaka 1975 jarida la kampuni iliyochapisha Dungeons & Dragons lilitoa majedwali ya kumwezesha mtu kutembea pangoni peke yake, dadu ikimwambia kila njiapanda ina nini. Mwaka 1976 kikatoka kijitabu Buffalo Castle cha mchezo Tunnels & Trolls, ambacho msomaji alikicheza mwenyewe kwa kuchagua aende ukurasa gani. Michezo iliyotungwa mahususi kwa kundi lisilokuwa na msimulizi mkuu ilikuja kushamiri baada ya mwaka 2000.

Sisi watu wa Pwani hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Bao halina refa. Wanaocheza na wanaotazama ndio wanaolinda kanuni. Washairi wetu wamejibizana kwa vizazi, huyu akitoa swali kwa beti na yule akilijibu kwa bahari ile ile, wala hapana aliyekaa katikati kuamua hoja iende wapi. Hata ngano ya bibi haianzi mpaka aliyeambiwa “Paukwa” ajibu “Pakawa”. Msikilizaji ana sehemu yake tangu neno la kwanza.

Kazi tano za msimulizi mkuu

Kabla ya kumwondoa mtu kazini, ni vyema kujua alikuwa akifanya nini. Kwa uzoefu wangu, kazi zake ni tano.

Ya kwanza ni kupanga mahali na wakati: tuko wapi, ni usiku au mchana, nani yuko hapo. Ya pili ni kusema kwa niaba ya watu wengine wa hadithi: muuza samaki, askari wa lango, mama mkwe. Ya tatu ni kuleta shida, maana hadithi isiyo na shida ni ratiba tu. Ya nne ni kuamua matokeo: je, mlango umefunguka, je, yule mzee ameamini uongo tuliomwambia? Ya tano haiandikwi sana vitabuni, lakini ndiyo inayoweka watu mezani: kutazama saa, kumkatiza anayesema sana na kumpa nafasi aliyenyamaza.

Kundi likisema “tucheze bila msimulizi mkuu” kisha likakaa tu, hukumbuka kazi ya kwanza na ya pili, likasahau ya tatu na ya tano. Matokeo yake ni mazungumzo matamu ya nusu saa, kisha kila mtu anangoja mwenziwe aseme neno.

Sababu iliyotusukuma

Tulikuwa watano: mimi, dada yangu ambaye ni muuguzi, rafiki yetu tuliyekua naye mlango kwa mlango na sasa yuko kazi ya zamu bandarini, na binamu zetu wawili. Binamu mkubwa ndiye aliyekuwa msimulizi mkuu, naye alikuwa hodari. Akapata kazi Doha, akaenda.

Hapakuwa na aliyekitaka kiti chake. Binamu alikuwa akijiandaa saa nyingi kabla ya kila Jumamosi, akichora mapango na kuandika majina ya watu, na sisi tuliobaki hatukuwa na saa hizo. Muuguzi hutoka zamu ya usiku, mtu wa bandarini hajui ratiba yake ya wiki ijayo, na mdogo wetu yumo masomoni. Na sote twajua jinsi maskani inavyokufa. Kwanza watu huanza kuchelewa, kisha huja na simu zao wakaziangalia, kisha hawaji, na mkikutana ni mazikoni na harusini.

Palikuwa na jambo jingine ambalo halikuonekana mpaka kiti kilipokuwa kitupu. Msimulizi wetu alikuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri. Alipoamua jambo, nani angembishia kaka? Mdogo wake, mwenye miaka ishirini na ushei, alicheza nasi muda wote huo, na sikumbuki mara nyingi aliposema sentensi mbili mfululizo bila ya kumtazama kaka yake kwanza. Tulidhani ni mpole tu.

Njia nne za kugawa kazi

Michezo iliyotungwa bila ya msimulizi mkuu ni mingi, lakini nikiitazama naona njia nne za kuzigawa zile kazi tano.

Njia ya kwanza ni zamu. Mfano wake mzuri ni Fiasco, mchezo wa Jason Morningstar uliotoka mwaka 2009, wa watu watatu hadi watano, unaohusu watu wenye tamaa kubwa na akili ndogo ya kuifikia. Hauhitaji maandalizi, huisha usiku ule ule. Zamu yako ikifika unachagua moja kati ya mawili: ama wewe ndiye unayepanga tukio, yaani mahali, watu na kinachogombaniwa, na wenzako ndio wataamua liishe vyema au vibaya, ama wao wapange na wewe uamue mwisho. Huwezi kuyashika yote mawili. Microscope, wa Ben Robbins, wa mwaka 2011, nao ni wa zamu, ila hapa mnatunga historia ya ulimwengu mzima, mkirukaruka karne mbele na nyuma. Kanuni yake kali ni kwamba zamu yako ni yako: wenzako hawaruhusiwi kukunong’oneza wala kukushauri uongeze nini.

Njia ya pili ni karata. Katika The Quiet Year wa Avery Alder, uliotoka mwaka 2013, karata za kawaida 52 ni wiki za mwaka mmoja, kopa zikiwa majira ya kwanza na shupaza majira ya mwisho, yale ya baridi. Kila karata ina maswali yake kitabuni, na anayeivuta ndiye anayejibu. Hapo karata ndiyo inayoleta shida, na mtu huieleza tu ilivyowafika. For the Queen wa Alex Roberts, wa mwaka 2019, ni mwepesi zaidi: karata zenye maswali juu ya malkia mnayesafiri naye, mkizijibu mmoja mmoja mpaka litoke swali la mwisho, kwamba malkia anashambuliwa, je, utamtetea?

Njia ya tatu ni majedwali ya dadu. Ironsworn, uliotungwa na Shawn Tomkin mwaka 2018, waweza kuchezwa na msimulizi mkuu, na kundi lisilo naye, au na mtu peke yake. Kujaribu jambo la hatari unarusha dadu moja ya pande sita, unaongeza uwezo wa mhusika wako, kisha unalinganisha na dadu mbili za pande kumi. Ukizipita zote mbili umefaulu. Ukiipita moja umefaulu kwa gharama. Usipoipita hata moja, mambo yameharibika. Mkiwa na swali ambalo hakuna mwenye jibu, kwa mfano “Je, lango limefungwa?”, mnaamua kwanza uwezekano wake kisha mnarusha dadu kupata namba kati ya 1 na 100. Jambo lililo karibu hakika ni ndiyo kuanzia 11. Linaloelekea kuwa ni kuanzia 26. La nusu kwa nusu ni kuanzia 51. Lisiloelekea ni kuanzia 76. Na la nadra ni kuanzia 91. Kwa njia hiyo wote mezani hushangaa pamoja, jambo ambalo msimulizi mkuu hawezi kulionja, kwa kuwa siri zote anazo yeye.

Njia ya nne ni kugawana ulimwengu wenyewe. Katika Wanderhome wa Jay Dragon, wa mwaka 2021, wahusika ni wanyama wasafiri. Hakuna dadu. Mhusika wako akikubali usumbufu au akaonyesha udhaifu wake, unapata kete. Ukitaka afanye jambo lenye uzito, kama kumwondolea mtu maumivu, unalipa kete. Mahali mnapopita na watu mnaokutana nao hushikwa na yeyote aliye tayari, kisha akaviachia. Mtindo huu ulianzishwa na Avery Alder, na jina lake mojawapo maana yake ni hakuna dadu, hakuna mabwana.

Kanuni moja ya kukumbuka

Ukisahau majina yote hapo juu, shika hili moja. Wachezaji wa michezo hii wana kanuni inayoitwa kwa jina la mtunzi Paul Czege: mtu mmoja akiwa ndiye anayemletea mhusika wake shida na ndiye anayeitatua, mchezo haunogi.

Sababu yake ni nyepesi. Ukijifungia mlango mwenyewe na funguo unazo mkononi, hakuna anayekaza macho kutazama. Lakini mwenzako akikufungia mlango, nawe hujui kama dadu itakupa funguo, hapo watu huacha chai ikapoa. Kwa hiyo, katika mchezo wowote mtakaouchagua, ulizeni: nani anamletea nani shida? Sisi tuna desturi kwamba shida ya mhusika wako huletwa na aliyekaa kuliani kwako. Si kanuni ya kitabu chochote. Ni ya meza yetu, nayo imetuvusha nyakati nyingi ambapo kila mtu alikuwa akimhurumia mwenziwe.

Usiku wa kisima

Nitoe mfano mmoja ili ionekane kazi hizi hugawika vipi. Tulicheza The Quiet Year. Katika mchezo huo hushiki mhusika mmoja. Wote mnaisimamia jamii nzima, na kati yenu ipo karatasi mnayoichora ramani kadiri mwaka unavyokwenda. Tulichora kisiwa chenye kisima kimoja, na kisima kilikuwa upande wa walionacho.

Kila wiki, baada ya kuvuta karata, mwenye zamu hufanya moja kati ya mambo matatu: hugundua kitu kipya, huanzisha kazi ya jamii, au huitisha mazungumzo. Kazi ya jamii huwekewa dadu inayoonyesha imebaki wiki ngapi. Mazungumzo yana masharti: kila mtu husema mara moja tu, sentensi moja au mbili, kisha yamekwisha, wala hayatoi uamuzi. Na mtu akihisi amepuuzwa, hachukui neno. Huchukua kete ya kinyongo na kuiweka mbele yake, kila mtu aione.

Zamu ya binamu mdogo ilipofika, alianzisha uchimbaji wa kisima cha pili, upande wa wasionacho. Hakuuliza. Kanuni haikumtaka aulize. Akaweka dadu ya wiki nne. Mahali alipochagua palikuwa karibu na makaburi ambayo dada yangu alikuwa ameyachora wiki mbili nyuma. Dada akachukua kete ya kinyongo, akaiweka mbele yake bila ya kusema kitu. Mimi nikaitisha mazungumzo. Rafiki yetu akasema maji ni ya walio hai. Dada akasema waliozikwa pale pia walikuwa na kiu yao. Kijana akasema, “Nyote mnaishi karibu na kisima cha kwanza.” Mazungumzo yakaisha hapo, kama kanuni isemavyo, na kazi ikaendelea.

Katika mchezo huo mfalme wa shupaza, yule wazee wetu humwita mzungu wa nne, akitoka tu mwaka umekwisha, hata kama karata zimebaki. Alitoka kisima kikiwa kimekamilika na kete ya dada ingali mbele yake. Hakuna aliyekuja kutuambia nani alikuwa na haki. Tulikaa mpaka usiku wa manane tukizungumza juu ya visima vya kweli na ardhi za kweli, na ni nani huulizwa rai yake na nani huletewa tu habari. Kijana ndiye aliyesema zaidi. Hakuwa mpole, kumbe. Alikuwa hajapata zamu.

Hatari zake na dawa zake

Sitaki msomaji adhani namna hii haina kasoro. Nazitaja nilizoziona, pamoja na tunavyozikabili.

Mwenye maneno mengi hugeuka msimulizi mkuu asiye na jina. Hakuna aliyempa kiti, lakini kila mtu humgeukia yeye. Dawa ni mchezo wenye zamu kali, na kumgeuza msomaji wa kanuni kila wiki. Anayesoma kitabu kwa sauti huonekana mwenye mamlaka hata asipotaka.

Fumbo ni gumu kulificha. Hadithi ya upelelezi, ambapo jibu lipo tangu mwanzo na wachezaji walitafute, huhitaji mtu anayelijua jibu. Mnaweza kuicheza kwa kukubaliana kwamba hakuna anayejua muuaji ni nani mpaka dalili zilizotokea mezani zielekee kwa mtu mmoja. Inafaa, lakini ladha yake ni nyingine.

Kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayelinda mipaka, hadithi yaweza kuingia mahali panapomuumiza aliyekaa hapo: msiba uliompata, mtoto aliyepotea, talaka. John Stavropoulos, Mmarekani, alibuni dawa nyepesi: karatasi yenye alama ya X huwekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo lililotajwa huachwa papo hapo bila ya kuulizwa sababu. Sisi huiweka kila wiki. Imeguswa mara chache sana, na kila mara imeokoa usiku.

La mwisho ni dadu zenyewe. Katika jamii yetu ya Kiislamu wako wanazuoni wanaozikataza dadu hata pasipo dau, na wako wazazi ambao wakiziona tu hawataki maelezo. Kamari haimo kabisa katika michezo hii. Hakuna pesa inayowekwa wala anayeshinda chochote. Lakini anayeshikilia kauli ya kukataza dadu, au anayecheza nyumbani kwa mzee anayeishikilia, asilazimishwe. Namba zaweza kuandikwa kwenye vipande vya karatasi vikavutwa koponi, au akachagua mchezo usiokuwa na dadu kama Wanderhome, au wa karata za maswali kama For the Queen. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, kisha acheze au aache akiwa na moyo mweupe.

Kuanza na wenzako

Watu watatu au wanne ndio kipimo kizuri. Wakizidi watano, zamu huchelewa kurudi na watu huanza kutazama simu. Tengeni saa mbili na nusu hadi tatu, na mkubaliane saa ya kumaliza kabla ya kuanza, maana hakuna msimulizi wa kuwaambia “tuishie hapa”. Mmoja wenu apewe kazi hiyo ya saa peke yake.

Kwa usiku wa kwanza nashauri mchezo wa maswali au wa karata, si wa majedwali. Michezo mingi imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mmoja ayapitie maswali mapema na kuyaweka kwa Kiswahili. Yakisomwa kwa Kiingereza watu hujibu kwa lugha ya ofisini, na hadithi hukauka. Kwa wasiotaka kutumia pesa, kitabu cha Ironsworn kimetolewa bure na mtunzi wake kwenye mtandao, ingawa ni kirefu na kinahitaji subira.

Msiogope kubadilisha mandhari. Ngome za theluji na wafalme wa Ulaya hazitupi sisi maneno. Tulipoyahamishia mambo kwenye visiwa, mitepe na miji ya mawe, kila mtu alijua pana harufu gani, nani hukaa barazani na nani hupita mlango wa uani. Mchezo huu unakula maneno, na maneno huja haraka mahali mtu anapopajua.

Kabla ya zamu ya kwanza, ziandikeni zile kazi tano kwenye karatasi, na mbele ya kila moja muandike inabebwa na nani au na nini: zamu, karata, dadu, au aliyekaa kulia. Ikibaki kazi isiyokuwa na mwenyewe, msianze mpaka ipate. Kwetu iliyochelewa kupata mwenyewe ilikuwa ile ya tano, ya kumtazama aliyenyamaza. Sasa anayemaliza zamu yake ndiye anayemuuliza jambo yule ambaye hajasikika kitambo, kisha anangoja mpaka ajibiwe.

Msimulizi mkuu hodari bado ana mahali pake. Kundi kubwa, watoto wadogo, au fumbo lililotengenezwa kwa ustadi vyamhitaji, na akipatikana ni wa kushukuriwa. Binamu mkubwa alipokuja likizo alikaa nasi. Katikati ya mchezo mdogo wake alimletea mhusika wake shida nzito, kama desturi yetu inavyomruhusu aliyekaa kulia. Kaka akamtazama, akatutazama sisi, akasubiri kama kuna atakayeingilia. Hakuna aliyeingilia. Akachukua dadu, akarusha.